Rangi Isiyotoka kwa Sabuni: Kumbukumbu ya Yaya Céline Chola

Mwaka umetimia, Yaya Chola, dada yetu mkubwa, tangu mvua ya Machi itukute makaburini tukikuaga. Nyumba yako ya Kampemba bado inanuka terebentini. Tumefungua madirisha, tumeosha sakafu, tumepika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukausha, harufu iko palepale. Wala hakuna anayelalamika.

Tunaanza na asante. Asante kwa vitumbua vilivyotulisha mishahara ilipokauka na walimu walipokaa nyumbani. Asante hata kwa vijiko! Vikopo vyako vya rangi ulivifunga kwa kukandamiza kifuniko na mgongo wa kijiko, na hakuna kijiko kwako kisichokuwa na alama ya kijani au ya manjano. Mgeni akikitazama kwa wasiwasi, ulimwambia, "Kula, papa. Langi iko mugongo, supu iko mbele."

Na ulipokuwa unapaka jicho la kisanamu, ulibana pumzi. Tuliokuwa na njaa tulisubiri. Tuliokuwa na habari za msiba tulisubiri vilevile. Jicho likiisha, ndipo unageuka: "Eh, sema."

Kazi hiyo ulijifunza mtaa wa matajiri wa Golf, kwenye villa ya Monsieur uliyokuwa unasafisha. Alikuwa na jeshi la visanamu vya madini ya risasi, kila kimoja kirefu kama kidole cha mtoto: wazee wafupi wenye ndevu na shoka, watu wenye vichwa vya mbuzi, mifupa iliyoshika ngao, joka moja lenye mabawa. Vitu vya hadithi za kwao. Mkono wake ulitetemeka, wako haukutetemeka, basi akakupa brashi.

Alikuwa na rangi za aina mbili. Mpya, za maji, zilikauka haraka na kutoka kwa sabuni. Za zamani, za mafuta, zilikuwa ndani ya vikopo vidogo vya bati; hukawia kukauka, na kwenye ngozi haziondoki ila kwa terebentini. Za maji uliwapa watoto wachoree shule. Kwenye visanamu ulikataa katakata. "Huyu muzee wa shoka alizaliwa mwaka moya na hii langi," ulituambia. "Ukimupaka ya leo, atafanana na mutu wa kuazima veste ya ndoa." Kisha unainua ule utando juu ya rangi kama utando wa maziwa, unakoroga na njiti ya kiberiti, unaendelea.

Mwaka 1991 askari wasiolipwa wakapora mji. Monsieur akakimbilia Zambia, akakuambia uchukue unachotaka. Avenue nzima ikakungojea na kigari cha kusukuma.

"Céline, banakuachia villa muzima, weye unatoka na karton?"

"Iko na tusanamu na langi."

"Na frigo?"

"Frigo haina macho."

Walikucheka hadi wakakaa chini. Kesho yake askari wakaingia mtaani kwetu wakabeba kila friji waliyoiona. Karton yako wakaipiga teke, wakapita.

Mwaka uliofuata ndio hatutausahau, na tuuseme wazi, maana wapo wanaotaka usahaulike. Wakubwa walishika mikrofoni wakawaambia vijana kwamba jirani mwenye asili ya Kasai si jirani tena, hata kama babu yake ndiye aliyechimba shaba hii, hata kama yeye mwenyewe amezaliwa hapa. Kampuni zinakufa, mishahara imeliwa, na badala ya kumuuliza aliyekula, vijana wakaonyeshwa mlango wa jirani. Wenye mikrofoni hawakubeba hata fimbo. Walirudi nyumbani kula.

Mama Albertine Ngalula alikaa ukuta mmoja na wewe. Mume wake alikuwa gare, stesheni, akitafuta nafasi kwenye treni, pamoja na maelfu waliofukuzwa wakalala nje pale. Albertine alikuwa na mimba ya kuzaa wakati wowote, miguu imevimba, hawezi kutembea hata hadi sokoni. Na vijana walikuwa wanashuka avenue, nyumba kwa nyumba.

Asubuhi hiyo ulikuwa unapaka majoho mekundu ya watu wa vichwa vya mbuzi. Ulisikia kelele. Ulipanga visanamu juu ya sinia ya vitumbua, ukapita kwenye tundu la ukuta, ukavisimamisha kwenye kizingiti cha Albertine, vyote vikitazama barabara, joka katikati.

Mimi, mdogo wako Faustin, nilikufuata. "Yaya, batakuua."

"Shika sinia. Na usiguse ile yekundu, haiyakauka."

Aliyetangulia ni Édouard, mtoto wa avenue yetu, ambaye ulimpa vitumbua vya bure tangu anavaa kaputula. Alikuwa na chuma mkononi. Alisimama.

"Mama Chola, bile ni nini?"

"Balinzi."

"Balinzi ya nani?"

"Uliza bo beneye," ulimwambia, ukivionyesha kwa kidole.

Wenzake nyuma wakaanza: "Édouard, unaogopa tutoto twa risasi? Ingia, mwanaume!" Akaona haya, akainama, akachukua mmoja wa wale wenye vichwa vya mbuzi. Kidole gumba na cha shahada vikageuka vyekundu. Akafuta kwenye suruali, ikatapakaa. Akakimbilia bomba la maji kwako, akasugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu. Wenzake walimzunguka wakitazama. Kicheko kilikwisha.

"Haitoke! Mama Chola, haitoke!"

"Itatoka," ulimwambia kwa sauti ya mtu anayepima unga. "Rudi kwenu. Usipite ule mulango, itatoka pole pole."

Walirudi nyuma, hatua hatua, kisha mbio. Hakuna aliyepita mlango ule, siku ile wala zilizofuata. Albertine alizaa juu ya kitanda chake, na wewe ndiwe uliyempokea mtoto. Wakamwita Gradi, neema ya Mungu. Mama alipopata nguvu, walisafiri: godoro kichwani kwa baba, mtoto mgongoni kwa mama, na ufunguo wa nyumba mfukoni mwako.

Bei uliilipa wewe. Jina lilikuwa limekwisha kuenea: mulozi. Mchawi mwenye majeshi ndani ya karton, anayepaka damu isiyooshwa. Kwaya ikakuomba upumzike. Wanawake uliowazalisha wakavuta watoto wao ukipita. Vitumbua vyako vikabaki kwenye sinia, ukaanza kuvipeleka mbali, barabara ya Kipushi, ambako hakuna aliyekujua.

Nilitaka kusimama sokoni niseme yote. Nilikuwa nimesema mbele ya askari, mbele ya wakurugenzi, nililala kwenye cachot ya polisi kwa kusema. Wewe peke yako uliweza kunizuia.

"Faustin, funga kinywa. Bakijua ni langi, batarudi. Na mu hii avenue haiko Albertine peke yake."

"Na miaka ikipita?"

"Hata ikipita. Haujui ni nani atakuya kesho na mikrofoni."

Nilinyamaza. Uliishi na jina hilo, ukazeeka nalo, ukapaka hadi karibu vikopo vyote vikabaki na utando mtupu. Walipokujia wagonjwa usiku kuomba dawa ya kienyeji wakidhani unayo, uliwapa chai na kuwaambia waende hospitali. Hukumlaani hata mmoja. Mimi niliwalaani kwa niaba yako, mpaka leo sijamaliza.

Ungalikuwa hai, ningaliendelea kunyamaza. Lakini jina hilo halikuzikwa na wewe, Yaya. Limeanza kumfuata mjukuu wako Dorine. Anakaa kwenye baraza lako na brashi yako, anamalizia mifupa uliyoiacha bila kupaka ngao zake, na mwezi uliopita mtu alipitisha jiwe juu ya ukuta akiita, "Mujukuu ya mulozi!" Tunajua mambo hayo yanaishia wapi katika mji huu. Basi agizo lako nimelivunja, na ninalivunja mchana, mbele ya wote.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Édouard na kikopo cha mwisho chenye rangi nyekundu. Ana wajukuu sasa, na mvi. Hakunikaribisha ndani. Nilikaa kwenye ngazi yake, nikachovya kidole changu, nikaomba maji na sabuni. Nikasugua mbele yake. Haikutoka. Alirudi nyuma mpaka ukutani. Nikatoa terebentini na pamba, nikafuta mara moja. Kidole kikawa safi.

Alikishika, akakigeuza, akakinusa.

"Ilikuwa langi?"

"Langi ya mafuta. Ya tusanamu."

"Miye nilikaa siku tatu bila kula, Faustin. Nilijua ninakufa." Akakaa chini kando yangu. "Kumbe nilikimbia bure."

"Haukukimbia bure. Mutoto alizaliwa."

Wajukuu wake walikuwa wananusa kikopo na kukunja pua. Nilimwambia kwamba nitaandika kumbukumbu yako, na kwamba nitaeleza kila kitu, ila jina lake naweza kuliacha.

"Hapana," alisema. "Uliandike. Bakisoma kwako, batasema ni ndugu yake anamutetea. Bakisoma kwangu, bataamini."

Asante, Yaya Chola. Asante kwa mkono usiotetemeka, na kwa kubeba miaka yote hiyo jina ambalo halikuwa lako ili wengine wabaki na mlango wao. Hukuwa mulozi. Ulikuwa mpaka rangi wa visanamu.

Wanaokukumbuka: mjukuu wako Dorine, anayeendelea na kazi barazani, na avenue imjue hivyo, mdogo wako Faustin, Mama Albertine Ngalula na mwanawe Gradi, walioko Mbuji-Mayi, na Édouard, jirani, aliyekuwepo na aliyeona.

Hatutachoka kukukumbuka, hadi wa mwisho wetu.