Kiti cha Neema cha Kutelezea Theluji

Jumapili, mwezi wa nane, 2017. Upepo tu.

Upepo wa Agosti hapa Joburg hauna adabu. Umeniletea vumbi la mgodi mpaka ndani ya chai, na nimeinywa hivyo hivyo, kwa sababu nina hasira na sitaki kuinuka kupika nyingine.

Hasira yenyewe ni hii: leo tena kanisani wamehadithia vibaya ile habari ya Neema kushuka mlima wa theluji.

Kila mtu anaihadithia vibaya. Mama Espérance, kiongozi wa kwaya, anasema yalikuwa maombi yake. Waimbaji wa sauti ya chini wanasema Neema alisukumwa na upepo. Na saluni zote za mtaa wa Rosettenville zinasema ati yule kijana Mzungu, Hannes, ndiye aliyeshika kamba nyuma ya kiti kutoka juu mpaka chini. Hannes gani. Kamba nilishika mimi. Basi naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Shule sikusoma, lakini waliosoma wamepewa nafasi yao na mnaona walivyoiharibu.

Neema ni binti yangu. Polio ilimshika miguu tukiwa bado Uvira, kule Kongo, hajajua hata kusema vizuri. Sasa ni mama mzima, msusi, na kiti chake cha magurudumu kinajulikana Rosettenville yote. Wateja wake ndio wanaokaa chini kwenye mto wa sponji, yeye yuko juu kama jaji. Na ile mikono yake, usiombe ikukamate.

Mwezi wa tano kwaya ikapanga safari ya kwenda kuona theluji. Lesotho hatuwezi, makaratasi yetu ya ukimbizi hayavuki mpaka. Tukachagua mlima wa huku huku Afrika Kusini, upande wa Eastern Cape, mahali wanapokodisha skii, zile mbao ndefu za kutelezea. Watu wakafurahi. Mama Espérance akagawa nani atapika sombe ya majani ya mihogo, nani atabeba vyungu, halafu akamgeukia Neema, kwa upendo kabisa:

"Na wewe mwanangu utakaa pa veranda, pana jua. Utatulindia makoti."

Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa, na hiyo ndiyo inayoniuma. Kwenye ubatizo mtoni Neema analinda viatu. Kwenye harusi analinda mikoba. Pasaka analinda vyungu. Amelinda vitu vya watu mpaka kampuni ya ulinzi ingekuwa na haki ingempa yunifomu.

Siku ile akasema, "Makoti yajilinde."

Alisema polepole, anakunja kitambaa chake. Halafu akanitazama mimi, mbele ya kwaya nzima. "Papa, utanitengenezea kiti cha kuteleza."

Bon. Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko Doornfontein, chini ya ghorofa la wanafunzi, na nionyeshe harusi ya Wakongomani Johannesburg hii ambayo bwana na bibi harusi hawakukalia viti vyangu. Theluji nilikuwa sijaigusa, isipokuwa ile ya ndani ya friji, lakini hilo jambo dogo. Neema akanionyesha kwenye simu: watu wasiotembea wamekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya skii, vijiti vifupi mikononi, na nyuma yao mtu ameshika kamba wasije wakapotelea bondeni. Nikatazama kidogo. Nikamwambia hao ni watu wasio na mzee wa kuwaheshimu. Mtoto wangu hatakaa kwenye chuma kitupu.

Nikamtengenezea kiti cha bibi harusi.

Fremu ya chuma, sponji nene, velveti nyekundu, vishada vya dhahabu pembeni, na chini mbao mbili nilizozichonga mwenyewe. Tukaenda kukijaribu kwenye kilima cha mchanga wa mgodi wa zamani, ule wa njano, mkavu kama unga. Neema akashuka kama malkia. Papa Déo, Mrundi wetu, mlinzi wa geti aliyekatwa mguu, alikuja na magongo yake kutazama. Akacheka mpaka gongo moja likamtoka, likateremka lenyewe.

"Mzee Kasongo," akasema, "hicho si kiti. Hicho ni kitanda cha rais."

Nikaichukua kama sifa.

Kati yetu wote pale, watu wazima, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba theluji ni maji.

Kule mlimani tulifika jioni. Choo cha wageni kina ngazi mlangoni. Vyumba viko juu, na njia ya kupanda ni ngazi tena. Neema akabebwa mgongoni mara moja kama gunia la mihogo, akasema mara ya pili hapana, akalala ndani ya teksi, lile basi dogo lililotuleta, na blanketi zetu zote. Kwaya ikakosa blanketi. Eish, sijawahi kusikia watu wa Mungu wakinung'unika hivyo.

Asubuhi tukashusha kiti. Neema akakaa, tukamfunga mkanda. Sponji ikaanza kunywa. Hannes, kijana wa kufundisha watu skii, mwenye pua nyekundu na adabu nzuri, hajamaliza kueleza namna ya kugeuka, velveti imeshakuwa nzito kama ng'ombe aliyelowa. Upepo ukapita, ikaganda. Tukasukuma, hakisogei. Mtoto wangu amekaa pale katikati, watu wanashuka kushoto na kulia kwake, na vishada vya dhahabu vimesimama kama miiba ya nungunungu.

Hannes akakuna kichwa, akaniita mjomba kwa Kiafrikana chao. "Samahani, Oom. Hiki hakitakwenda. Labda dada apumzike pale veranda."

Mama Espérance alikuwa ameshavua koti, analileta. Neema akaliona linavyokuja.

"Papa, kisu."

Kisu ninacho siku zote. Nikachana velveti yangu. Sponji nikatoa, vishada nikatoa. Kikabaki chuma kitupu, sawasawa na zile picha za kwenye simu nilizozicheka. Sasa atakalia nini?

Neema akanyoosha kidole kwenye vyungu. Vyungu vya sombe vilikuwa ndani ya ule mfuko mkubwa wa plastiki wa mirabamiraba, ambao Watanzania wanauita shangazi kaja. Sisi wote tulivuka nao mipaka, tumeulalia vituoni, tumeulalia mvuani. Ule hauna habari ya kunywa maji. Vyungu vikatolewa, nikaukata, nikaushonea kwenye chuma kwa uzi wa makochi, tabaka juu ya tabaka, nikauvuta mpaka ukalia kama ngoma. Mikanda ya kuongeza nikaikata kwenye mikoba ya akina mama. Mpaka leo kuna mmoja hanisalimii.

Hannes akavuta hapa, akavuta pale, akaning'inia kwa uzito wake wote. Akatoa mbao zangu akafunga skii zake. "Sharp, Oom," akasema. "Sasa kitakwenda."

Wakamvuta juu kwa kamba ya mashine. Mimi nyuma yake nimeshika kamba ya kiti, skii miguuni kama nilizaliwa nazo. Neema akachoma vijiti thelujini. Kulia. Kushoto. Ile mikono inayosuka kutwa nzima ikajua kazi yake. Nikamwambia polepole, mama, akanijibu, "Papa, nyamaza." Kufika chini akaangukia ubavu, theluji imejaa mdomoni, akaitema, akasema neno moja tu.

"Tena."

Alisema hivyo mpaka jua likaingia nyuma ya mlima na Hannes akaomba huruma.

Leo baada ya ibada Papa Déo akanivuta pembeni, kwenye upepo. Hakuwa anacheka.

"Mzee, mimi unanitengenezea lini?"

"Wewe una mguu mmoja, nitakutengenezea nusu kiti."

"Hiyo nusu iwe na mkanda mzuri," akasema. "Mimi sitalinda geti maisha yangu yote."

Basi kesho Jumatatu naanza. Chuma kipo, na mifuko ya mirabamiraba Joburg hii haijawahi kuisha. Velveti hapana.

Na zile ngazi pia hazitabaki. Neema amempigia simu mama mwenye mahali pale, akamweleza habari ya choo. Mama akasema, lakini dada, si ni ngazi mbili tu? Neema akamuuliza, "Mbili tu kwa nani?" Halafu mama akasema, sawa, leteni fundi. Fundi ni mimi. Kabla theluji ya mwakani haijaanguka, mlangoni pale patakuwa na njia ya mbao ya kupandisha magurudumu, na stoo yao ya chini itatolewa majembe iwekwe kitanda cha Neema. Wakikataa, kwaya nzima itahamia mlima mwingine, na sisi kwaya yetu inakula sana, watatukumbuka.

Neema amesoma hii kabla sijaibandika mtandaoni. Alikuwa anatabasamu vizuri tu mpaka akafika pale pa kamba. Akainua macho.

"Papa."

Hilo tu.

Haya. Kamba alishika Hannes.

Skii nilivaa, hiyo ni kweli. Nikasimama, nikatazama bonde, miguu ikakataa. Kiti cha magurudumu cha Neema kilikuwa kitupu pa veranda, kwenye jua, nikakaa humo. Akina mama wakapita mmoja mmoja wananirundikia makoti mapajani. Akaja dada wa mkahawa, akanifunika blanketi bila kuniuliza, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto kwamba hapo pana baridi, akanisukuma mpaka pembeni, uso wangu unatazama ukuta. Nilitaka kumwambia kitu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nikasema asante.

Nikatazama ukuta. Kisha nikasikia vigelegele.

Niliruka kutoka kwenye kile kiti, makoti yakamwagika, yule dada akaangusha sinia akidhani ameona muujiza. Nilipofika kwenye ukingo Neema alikuwa chini tayari. Mara zile nyingine nilimwona. Ile ya kwanza sikuiona.

Ukitoa kamba na maneno ya njiani, mengine yote ni kweli, hata vishada.

Kesho chuma cha Papa Déo. Na mwakani nitashuka mlima ule, kwa miguu au kwa kiti, lakini nitashuka. Makoti yajilinde.