Koili Chini ya Kitanda

Jumanne jioni, Juni 1996

Na nyapara amesema atapita tena. Hakusema lini.

Leo mama alirudi kutoka kuchuma chai akiwa amelowa, kuni nazo zimelowa, na mdogo wangu Chebet anakohoa. Mama akatoa koili ya umeme tunayoificha chini ya kitanda ampikie uji. Mara taa zikafifia katika nyumba zote za laini yetu ya wafanyakazi, maana waya ni mmoja.

Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba kifaa cha joto hula umeme mwingi kuliko cha mwanga. Balbu yetu ni wati sitini, koili ni wati elfu moja. Nilimwambia mama. Akasema, "Na hizo wati zako zitamlisha mtoto?"

Nyapara alisimama nje akauliza ni nani anapika na stima. Jamaa aliyeshikwa na koili mwezi uliopita alitolewa kwa nyumba, yeye na watoto wake. Jirani yetu, Mama Atieno, akamjibu, "Mzee, si ni kiwanda kinavuta stima? Hata juzi ilikuwa hivyo." Nyapara akaenda.

Tukifukuzwa tutalala wapi? Na shule je, nime—

Taa imefifia tena. Mama ananitazama. Koili yetu iko chini ya kitanda, imepoa, nimeifunga kwa leso mwenyewe.

Basi kuna mwingine anayepika, na nyapara hajafika mbali. Najua balbu yetu ni wati sitini tu, lakini naizima, labda itamsaidia kidogo huyo anayepika, taa zisififie sana.