Mwendo wa Bomba

Msowero, 3 Aprili 2024

Binti yangu Costancia,

Hujambo mama? Duka la pembejeo hapo Mikumi linaendaje? Barua hii nampa kondakta wa basi, maana simu haijui kuchekesha kama mimi. Huku tu wazima, ila viwavi ni wazima kutuzidi. Wamevamia mahindi ya harusi yako ya Agosti. Usihofu! Nimenunua bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Mimi niliyefika Lubumbashi kwa lori nishindwe na kidudu? Heka nzima namaliza chai haijapoa. Tundu la mbele likiziba nalipuliza kwa mdomo, fyuu! Jana mchana upepo ulirudisha dawa usoni kwangu, upinde wa mvua ukanizunguka kichwa. Nikajiona mtakatifu.

Ni mimi baba yako, Lukasi

Mikumi, 6 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila barua yako imenitoa jasho. Upinde huo ni sumu! Tundu lioshe kwa maji na brashi laini, mdomo usiguse kamwe. Vaa barakoa, glavu, buti na mikono mirefu. Pulizia alfajiri, upepo haujaamka, na ulenge moyo wa mche, kiwavi ndimo alalamo. Tena usikimbie: ukikimbia dawa haitoshi, ukisinzia inazidi na kuunguza mahindi. Anza na maji matupu kwenye kipande ulichokipima, uone yameisha kiasi gani, ulinganishe na maelezo ya chupa.

Unakumbuka harusi ya dada Teresia? Ulimfikisha altareni kwaya bado inakohoa. Mimi nakutaka mzima, na polepole.

Mwanao, Costancia

Mikumi, 20 Aprili

Shikamoo baba. Mbona kimya? Kondakta anasema hakuoni kituoni, na simu yako haipatikani. Mahindi yaliwe tu. Nakutaka wewe.

Mwanao

Msowero, 5 Mei

Marahaba mwanangu, marahaba tena.

Pumzi imerudi. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimelazwa Kilosa, natapika, naona lori linaelea juu ya mahindi, marehemu mama yako kashika usukani. Akachungulia dirishani: “Lukasi, unamuwahi nani?”

Sasa navaa yote uliyosema, kama mtu aliyeshuka mwezini. Alfajiri, ukungu umelala shambani, nikatembea na maji matupu. Jirani yetu Sironga akasimamisha ng'ombe wake.

“Mzee, unabatiza mahindi?”

“Nafundisha miguu!”

Akacheka hadi fimbo ikamdondoka. Miguu ilipoelewa, nikamwomba apeleke mifugo mbali, ndipo nikatia dawa. Sikusikia kitu ila pumzi yangu ndani ya barakoa na bomba likinong'ona. Nguo nikazifua peke yake. Leo mahindi yanafungua majani mapya, hayana tundu hata moja.

Mwendo nimeupata, mama. Jioni naufanyia mazoezi uani bila bomba, mkono nimeukunja kana kwamba wewe umeushika. Mwambie mwalimu wa kwaya aongeze beti.

Baba yako, Lukasi