Bati Lililobarikiwa

Jumatatu, 15 Julai 2024

Kifuniko kimetolewa tena. Tena! Nimerudi kutoka sokoni Klungkung na vijiti vya kulehemia, nikamkuta Kaka Darka ameinama juu ya msumeno wa mkanda. Mkanda uko uchi kuanzia gurudumu la juu mpaka mezani, unakimbia, na vidole vyake vinasukuma kibao cha shaba karibu kabisa na meno. Kifuniko chenyewe, lile bati la kukinga mkanda, kilikuwa benchini, kimepinduliwa, kimejaa karanga za kuchemsha za Nengah, msaidizi wetu wa karakana.

Nilizima swichi. Hapo ndipo aliponitazama.

“Kaka, rudisha bati.”

“Linanificha mstari.”

“Lishushe mpaka karibu na kibao, mstari utauona.”

“Ketut, sisi ni Pande. Chuma kinawajua watu wake.”

Hoja hiyo! Nimebishana gazetini na mameneja wa hoteli, na wakubwa wa serikali, na profesa mmoja aliyejiona amezaliwa na maktaba. Wote walinijibu kwa hoja, hata kama ni mbovu. Kaka yangu ananijibu kwa ukoo. Sawa, sisi ni wahunzi tangu enzi za wafalme. Lakini babu zetu walifua kwa nyundo na mvukuto. Hakuna babu hata mmoja aliyewahi kuuona mkanda wa meno unaozunguka kwa umeme! Chuma kinamjua nani hapo?

Nengah alikuwa anacheka. “Dada Ketut, karanga zangu usizimwage.” Nilizimwaga.

Jumanne, 16 Julai

Nimeshindwa kulala vizuri kwa hasira, kwa hiyo nieleze hapa, labda daftari litasikia. Kifuniko hushuka mpaka ubaki upenyo mdogo tu wa kupitisha kazi. Mkanda ukikatika, unabaki ndani. Mkono ukiteleza, unakutana na bati kabla ya meno. Kipande kifupi husukumwa kwa kijiti, si kwa kidole. Basi! Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Na si kidole cha mtu yeyote tu. Kaka ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wetu anayelinganisha sauti za ala za muziki za vibao vya shaba. Anagonga kibao, anakizima kwa kidole gumba, anasikiliza, anapiga tupa mara mbili, anagonga tena. Mimi natoboa na kung’arisha. Sikio hilo sina, na kidole hicho sina. Watu wa Karangasem wanangoja ala zao kwa sikukuu ya hekalu, mwezi mpevu wa Agosti. Kidole hicho kikienda, hakuna ala, si Agosti hii wala Agosti yoyote.

Leo Nengah amekuja na glavu mpya, anajivuna. Nikamwambia avue.

“Jana ulisema tujilinde!”

“Mkanda ukishika uzi wa glavu, unavuta mkono mzima. Kwenye msumeno huu mikono mitupu, miwani usoni.”

“Basi, dada, tuvue na mashati tukate kwa maombi.”

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Wawili hawa wanastahiliana.

Alhamisi, 18 Julai

Imetokea. Haikuwa kubwa, na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Ingekuwa kubwa angejifunza, ingawa asingekuwa na cha kujifunzia.

Alikuwa anakata ufito wa chuma, ule wa mviringo tunaotumia kwa misumari ya kushikilia vibao. Hakuubana kwenye jiliwa. Kitu cha mviringo, mkononi, mbele ya meno! Msumeno ukaunasa, ufito ukajiviringisha, kidole gumba cha kushoto kikabanwa kati ya ufito na meza. Kucha imepasuka, imekuwa nyeusi. Damu kidogo tu. Alifunga kwa utepe ule ule wa kufungia nyaya na akaendelea.

“Unaona?” nikapiga kelele.

“Naona. Kimeniuma kidogo, kimeniacha. Kwa nini? Kwa sababu kinanijua.”

Mtu wa namna hii utamfanya nini? Akipona ni ushahidi, akiumia ni ushahidi.

Jikoni nilimkuta wifi yangu Rasmini anakata majani machanga ya mnazi kwa ajili ya Tumpek Landep, siku ya kuvibariki vitu vyote vya chuma. Nikamwambia mume wake ni kichwa cha jiwe. Hakuinua macho.

“Wifi, wewe unamsomea makala. Yeye anaogopa vitu viwili tu: mvua ikiwa tanuri limewaka, na Jero Mangku.”

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda kwa Jero Mangku, kuhani wa hekalu la ukoo wetu. Mimi! Niliyeandika kurasa nzima dhidi ya wanaofungia utakatifu kwenye pakiti na kuuza kwa watalii. Alinikaribisha kahawa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama.

“Ketut, mwanangu. Umekuja kusali au kugombana?”

“Kuuliza. Jumamosi ijayo utabariki msumeno wetu?”

“Kama kawaida.”

“Kifuniko chake ni chuma pia?”

Mzee huyu si mjinga. Ananisoma gazetini, na akinisoma huwa anapiga simu kunisahihisha. “Bati ni chuma,” akasema.

“Basi libariki likiwa mahali pake. Limefungwa kwa bolti.”

“Na kilichobarikiwa mahali pake hakiondolewi ovyo. Anayetaka kukiondoa alete sadaka kwanza, aombe radhi.” Akanywa kahawa. “Hivyo ndivyo ulivyotaka niseme?”

“Ni kweli au si kweli?”

“Sasa ni kweli. Nimeshasema.”

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Miaka yote hii ya hoja, takwimu, barua kwa mhariri — na kumbe ilitosha bati na maji matakatifu! Sijui kama nimeshinda ubishi au nimeukimbia. Potelea mbali. Kidole ni kidole.

Jumamosi, 27 Julai

Tumpek Landep. Karakana imefagiwa, haijawahi kupendeza hivi. Pikipiki, jiliwa, nyundo, mashine ya kutobolea, vyote vimevaa majani ya mnazi na maua. Asubuhi na mapema nilifunga kifuniko kwa bolti nne kabla mtu hajaamka vizuri. Jero Mangku alikuja, akabariki tanuri, akabariki nyundo za babu, akafika kwenye msumeno. Akanyunyiza maji juu ya kifuniko, akaweka sadaka, akatamka hukumu yake mbele ya familia nzima, sauti ya juu, kila neno.

Uso wa Kaka! Aliniangalia mimi, si kuhani. Akajua.

Nengah akaninong’oneza, “Sasa karanga zangu nitaziweka wapi?”

Leo hakuna kazi, vyombo vinapumzika. Nimekula nguruwe wa kuchoma mpaka nimeshindwa kuinuka. Nimeshinda!

Jumatatu, 29 Julai

Siku ya kwanza ya kazi. Kaka amekata vibao saba, kifuniko kimeshuka, kijiti cha kusukumia mkononi. Amelalamika kila kibao. Mwanga mbaya, bati linatetemeka, kijiti ni cha wanawake wa kusuka vikapu. Lakini amekata. Vibao viko sawa, nilipima mwenyewe. Sikusema neno. Ilikuwa kazi ngumu kuliko makala yoyote.

Nimemwona akipita mbele ya msumeno akiinamisha kichwa kidogo. Akadhani sioni.

Jumatano, 31 Julai

Baba mdogo Regig amefariki alfajiri. Moyo. Alikuwa anapasha maji ya kuoga.

Nyumba yetu yote imo katika msiba. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 2 Agosti

Watu wanaingia na kutoka na mchele, kahawa, sukari. Siku njema ya kuuchoma mwili wa Baba mdogo, kwa desturi yetu, imepangwa baada ya mwezi mpevu. Mpaka hapo sisi wa nyumba hii tuna unajisi wa msiba, hatuingii hekaluni wala hatutoi sadaka. Kazi ya mikono inaruhusiwa. Ala zitatakaswa zikifika kwao. Kwa hiyo mchana Kaka amesema turudi kwenye shaba, Karangasem hawawezi kusogeza mwezi.

Akawasha msumeno. Tik. Tik. Tik.

Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kutobolea na nikaisikia sauti hiyo kabla yake, yeye mwenye masikio! Mlio mmoja kila mkanda unapozunguka. Nilizima, nikachomoa plagi, nikauzungusha mkanda polepole kwa fimbo, nikiangalia kwenye ule upenyo mdogo. Pale mkanda ulipounganishwa kwa kulehemu kuna ufa. Umefika katikati ya upana wake. Mkanda huu umekwisha. Kubadilisha ni kazi ndogo: legeza, toa, valisha mwingine. Mkanda mpya upo, umetundikwa ukutani.

Lakini kuutoa lazima kifuniko kitoke.

Kifuniko hakitoki bila sadaka.

Sadaka haiwezekani.

Nimempigia simu Jero Mangku. Akasema: “Subirini mpaka msiba uishe, Ketut.”

“Hatuwezi kusubiri.”

“Wewe ulikuja kwangu ukitaka kitu ambacho mtu hawezi kukikwepa. Nikakupa.”

“Jero, ni bati!”

“Usiniambie mimi. Kamwambie kaka yako ni bati.” Akakata simu. Mzee mwovu! Mzee mwenye haki, na mwovu.

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika karakanani, nimekaa kwenye kigoda mbele ya msumeno, plagi imo mkononi mwangu.

Asubuhi Kaka alikuja na kibao na kijiti cha kusukumia. Miwani usoni. Kila nilichomfundisha! Nikasimama mbele ya swichi.

“Mkanda una ufa, Kaka. Utakatika.”

“Ukikatika utabaki ndani ya kifuniko. Maneno yako hayo.”

“Si wote! Pale kwenye kazi hakuna bati, na hapo ndipo mikono yako ilipo.”

“Kwa hiyo kifuniko hakitoshi?”

“Kinatosha kwa mkanda mzima!”

“Wiki tatu umenipigia kelele kwamba bati hili litaniokoa. Nimelikubali. Nimelivumilia. Sasa unasema haliniokoi.” Hakuwa anadhihaki. Ingekuwa heri angedhihaki. “Basi lifungue. Spana ile pale.”

Nikamgeukia Nengah. Nikamwambia alegeze bolti, dakika chache tu, hakuna atakayejua. Nengah, anayecheka hata kwenye matanga! Aliweka mikono nyuma ya mgongo.

“Mimi siligusi, dada.”

“Tangu lini unaogopa?”

“Jumamosi ile ulisimama pale umekunja mikono, Jero Mangku anatamka. Nikakuangalia. Nikasema, kama hata Dada Ketut anaamini, basi ni kweli.”

Mimi!

Nilisema twende kwa fundi mwingine. Kaka akasema hakuna fundi atakayekata shaba yake kwa kipimo chake. Ni kweli. Nilisema tukate kwa msumeno wa mkono. Akanionyesha kidole gumba chenye kucha nyeusi, akakikunja, hakikukunjika mpaka mwisho.

Kisha akanikaribia na kusema polepole, kama mtu anayenunua kitu na hataki muuzaji abadili nia: “Ukilifungua wewe, Ketut, bila sadaka, wewe uliyelifunga, na mimi nitalifungua. Kesho, kesho kutwa, kila nitakapotaka kuona mstari. Na hutaniambia neno tena. Tumeelewana?”

Hapo wageni wa msiba wakafika langoni, wengi, na Rasmini akamwita mumewe awapokee. Alivua miwani, akaiweka juu ya meza ya msumeno, pembeni ya kibao. Akasema akirudi anataka kukuta jambo moja: ama mkanda mpya, ama plagi ukutani. Lolote kati ya hayo mawili, yeye anakata. Nengah akamfuata nje, hakutaka kubaki na mimi.

Nimebaki peke yangu na hii mashine. Majani ya mnazi ya siku ile yameshakauka, bado yananing’inia kwenye mkono wa kukazia mkanda. Nimejaribu kufikiri kama ninavyofikiri nikiandika makala: upande huu, upande ule, hitimisho. Mkanda ukikatika leo, mkono unakwenda leo. Nikifungua, mkono unakwenda siku nyingine ambayo siijui, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempa ruhusa. Hoja ziko sawasawa! Maisha yangu yote sijawahi kukutana na ubishi ambao pande zote mbili ni zangu.

Nimelegeza bolti ya kwanza. Nikasimama nikiishika, nikasikiliza kama kutatokea ishara yoyote. Hakukuwa na kitu. Nimeikaza tena.

Nasikia vikombe vinakusanywa. Wageni wanaaga.