Nimemwita Mlinzi Mwizi

Shoga, uko wapi? Soma hii haraka.

Unalijua gari la mama, lile alilonipa macho yake yalipoanza kufifia. Unajua ninavyoliegesha mbali na miti pale chuoni ili ndege wasilichafue, halafu nalifunika turubai kama mtoto mchanga.

Leo natoka darasani namkuta mlinzi wa geti amelifunua. Kavunja kioo cha dereva, kajipenyeza ndani hadi kiunoni!

Nilipiga kelele hizo! "Mwizi! Mwizi mkubwa wewe!" Mzee wa watu, shoga. Nimemwita mwizi mbele ya darasa zima.

Akatoa kichwa taratibu, akaniambia, "Binti, hukuvuta breki ya mkono."

Sikuvuta. Yaani sikuvuta breki! Gari lilikuwa linateremka lenyewe kuelekea benchi walipokaa wanafunzi. Kwanza mzee alisukuma jiwe chini ya tairi, jiwe likateleza. Ndipo akavunja kioo kwa kiwiko, akaivuta breki yeye.

Sasa niko naye zahanati ya chuo, anashonwa mkono. Nimeomba radhi mpaka ulimi umekauka. Nikamwambia gari ni la mama, sijui nitamwambia nini.

Unajua kanijibu nini? "Mwambie mlinzi kavunja kioo kwa uzembe. Mimi nitanyamaza."

Baada ya kumwita mwizi, shoga! Nimelia mpaka nesi kanipa kiti.

Nampigia mama sasa hivi. Namwambia yote, na lile neno nililomwita pia.