Vibao vya Faki

Jumatatu, 6 Mei

Nimefungua chumba, nimefuta lenzi, nimetundika ubao wa herufi. Nikakaa. Asubuhi nzima hakuja mtu, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya watu. Wa kwanza kuingia ni mzee wa Chokocho, jasho linamtoka, kakasirika. Kazunguka jengo zima mpaka akatokea stoo ya magodoro.

Nikashuka kutazama. Faki kabandika vibao vipya. Yeye ndiye msimamizi wa jengo, na duka la fanicha la chini ni lake. Vibao vyeupe, vinang'aa, herufi rangi ya fedha. Vizuri kama kadi za harusi. Changu kiko chini kabisa: "Vipimo vya Macho na Miwani." Herufi kama sisimizi. Mimi na macho yangu mazima nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa.

Halafu mlango wa ubavuni, ule unaopanda moja kwa moja kwangu, kautia kufuli. Mshale sasa unawapeleka watu wote ndani ya duka lake, wapite kwenye makochi na makabati, watokee ngazi ya nyuma. Ngazi haina pa kushika. Na hii ni masika.

Anajua anachokifanya.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwendea. Nilijiambia nitasema kwa upole. Sikuweza.

"Faki, wagonjwa wangu hawavioni vibao vyako."

"Bi Zaina, Chake Chake sasa ni mji. Watu wajifunze kufuata vibao."

"Watavifuataje? Wangekuwa wanaona, wangekuja kwangu kufanya nini?"

Akacheka. Akamgeukia mteja aliyekuwa akibonyeza godoro. Alipomaliza naye ndiyo akaniambia kama jengo limenishinda, vyumba vya kukodi viko tele.

Namchukia. Nimeliandika ili kesho nisijidanganye kwamba ni hasira za siku moja.

Mama mmoja wa Wingwi leo kafika kwangu ameshika karatasi ya bei ya kabati mkononi. Dukani wamemkalisha, wamemnywesha soda, wamemwonyesha kabati. Miwani hakutaka tena. Kachoka.

Alhamisi, 9 Mei

Nimetengeneza vibao vyangu. Mbao nyembamba, rangi ya manjano iliyokoza, maandishi meusi, kila herufi urefu wa kiganja. MACHO. Na mshale mnene. Hakuna kingine. Nimevitundika usawa wa uso wa mtu: barabarani, kwenye kona, na kimoja kila pahala njia inapogeuka ndani ya duka lake. Nimepita mbele yake na nyundo. Kanitazama tu.

Adhuhuri watu walikuja. Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyeniuliza bei ya kitanda.

Alasiri nilishuka kununua mkate. Vibao vyote viko kwenye pipa la taka, vimekanyagwa.

Nilivitoa kimoja kimoja, mbele ya wateja wake. Nikavitia kwapani, nikapanda navyo.

Ijumaa, 10 Mei

Wanaume walipokwenda kusali nimevirudisha vyote. Safari hii kwa misumari mirefu. Na gundi.

Jioni kabandika karatasi yake: "Marufuku kutundika chochote bila idhini." Herufi nyeusi, kubwa. Kumbe kubwa anaziweza.

Jumamosi, 11 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mvua tangu alfajiri. Faki aliwahi kabla yangu, kang'oa vibao. Kile cha ndani, mwisho wa duka, kilimshinda kwa gundi. Kakivunja. Nusu yenye neno ikatoka, nusu yenye mshale ikabaki, imelegea, imeinama upande. Badala ya kuonyesha ngazi ikawa inaonyesha mlango wa kupakilia mizigo. Nje ya mlango ule hamna ngazi. Ni kushuka kama kimo cha meza, chini saruji.

Bi Mkasi kaja kutoka Ole na binti yake, Maryam. Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Maryam kamwacha mlangoni kidogo afunge baiskeli. Bibi hakungoja.

Nilisikia kishindo, kisha Maryam akiita. Nilipofika, bibi kakaa kwenye maji ya mvua, mkono kaushika, buibui limechanika. Hakulia. Alinambia taratibu, kana kwamba anataka nimwelewe:

"Mwanangu, n'ambwa nfate mshale. Nkaona manjano. Sikuona chengine, nkafata manjano."

Mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Faki ndiye aliyetoa gari yake. Nilipanda nyuma na bibi. Njia nzima Faki hakugeuza kichwa.

Hospitali, bibi alipoingizwa ndani, Faki kanigeukia.

"Kibao chako kile."

"Nani kakivunja?"

"Nani kakitundika?"

Watu walikuwa wanatutazama. Nikatoka nje.

Mshale ni wangu. Hilo haliondoki.

Jumanne, 14 Mei

Bi Raya kaja kutoka Wete. Jengo ni lake, na Faki ni mtoto wa kaka yake, kwa hiyo sikutaraji kitu. Nilikuwa nimeshaanza kufunga lenzi kwenye maboksi.

Faki kasema yake. Nikasema yangu. Tukapandishiana sauti mpaka wauzaji wake wakatoka nje. Bi Raya hakutunyamazisha. Alivua miwani yake, akaitia mkobani, akasema, "Nyinyi kaeni hapa. Mimi nakwenda kupimwa macho."

Akatoka barabarani, akaanza upya. Tukamwona akisimama mbele ya kibao cheupe. Kakisogelea, kakiacha. Kaingia dukani, kajigonga kwenye kochi, kageuka kushoto, kaingia baina ya makabati, karudi. Faki alitaka kumfuata. Nilimzuia kwa mkono. Mara ya kwanza kumgusa mtu yule.

Mwisho kaketi juu ya kitanda cha kuuza.

"Faki."

"Naam, shangazi."

"Kafungue mlango wa ubavuni. Na ufunguo mpe Bi Zaina."

Kisha kanigeukia mimi. Kasema nikitaka kutundika kibao kwenye jengo lake nimpigie simu yeye, nisivizie sala ya Ijumaa. Nilistahili.

Faki kaniletea ufunguo juu. Kauweka mezani, hakunipa mkononi.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi."

Ni kweli. Nilidhani ningefurahi.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda Ole. Bi Mkasi anakula vizuri, mkono umefungwa plasta. Maryam kasema mama hataki tena kukanyaga jengo lile, na yeye hamlazimishi. Nimeeleza kwamba lazima nimpime kwa mashine kabla hajapelekwa kupasuliwa macho, na mashine haibebeki. Nimesema nitamngoja mwenyewe barabarani. Bibi kaitikia kwa kichwa.

Maryam kanisindikiza mpaka mlangoni tu. Ana haki.

Jumatano, 22 Mei

Wamekuja. Nilikuwa nimesimama nje tangu nilipofungua. Mvua imekatika. Nimemshika bibi mkono mzima, Maryam nyuma, tukaingia kwa mlango wa ubavuni taratibu.

Faki alikuwa kwenye kizingiti cha duka lake. Tangu siku ya ufunguo hatusalimiani. Nikatazama mbele, yeye akatazama simu.

Bi Mkasi alihisi kuna mtu. Akasimama, akageuza uso upande ule, si sawasawa alipo.

"Asalaamu alaykum, ulo hapo."

Faki alishusha simu.

"Waalaykumu salaam. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu?"

Maryam alinitazama. Faki naye alinitazama.

"Jirani yangu," nikasema.

Tukapanda.