Mke Mwenza wa Uhabeshi

Addis Ababa,
10 Machi 2024

Kwako Bibi Raheli, mke wangu mkubwa,

Shikamoo Bibi. Magoti yanasemaje? Baba mdogo Filipo na ng'ombe wake hawajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Maabara ya chanjo za mifugo tunaendelea nayo vizuri, mwezi mmoja kati ya sita umekatika.

Baba mdogo akishakuchapishia barua hii steshenari, kaa chini kwanza uisome. Nina jambo la kuungama.

Jumanne soli ya kiatu changu ilibanduka. Nikampelekea fundi viatu wa hapa jirani, nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo nikimsubiri. Ana redio ya kaseti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Bibi wee, akaanza kuimba mwanamke humo! Lugha yao siijui hata neno, lakini nilihisi ananisema mimi, na kwamba anayajua mambo yangu yote. Kiatu kikaisha, wimbo haujaisha. Nikaona aibu kuendelea kusimama bure, nikavua na cha pili, kizima kabisa, nikampa akishone. Fundi akakigeuza, akaniangalia, akacheka, akaurudisha wimbo mwanzo.

Anaitwa Mulunesh. Nimempenda, Bibi, sikufichi. Naamka naye, nalala naye, maabara nampigia mluzi mpaka wenzangu wamechoka. Usikasirike.

Mumeo,
Yotham

*

Mvumi,
24 Machi 2024

Mume wangu Yotham,

Mbukwa! Mimi sijambo, magoti ndiyo yale yale. Uwele mwaka huu umekubali, ndege ndio wanaotusumbua. Filipo atapiga picha barua hii kwa simu yake akutumie kama kawaida. Asijifanye haisomi, najua anasoma.

Kumbe nimekulea, nimekubeba mgongoni, nimekunyima mlenda nikakupa maziwa, ili ukaniolee mke mwenza Uhabeshi! Na barua unaandika bila haya. Haya, huyo mwanamke wako anajua kusonga ugali wa uwele? Anajua kushika ng'oma yetu ya Kigogo, muheme, kati ya magoti toka asubuhi mpaka jua la utosi, bila kunywa hata maji? Mimi nilikuwa nikianzisha wimbo hapa Mvumi, watu wanatoka mashambani na majembe begani. Muulize mtu yeyote. Muulize Evodia.

Evodia ni mgonjwa, mwanangu. Ini. Anakuwa mdogo kila nikimwona. Miaka arobaini mimi naanzisha, yeye anaitikia, na leo kikombe cha uji kinamshinda. Nakwenda kwake kila siku, tunakaa tu.

Siimbi, unajua. Tangu walipotoa lile rovu la shingoni nimepona, lakini sauti imekuwa ya debe bovu. Daktari alinionya mapema, simlaumu. Hata kanisani nachezesha midomo tu. Kwa hiyo usinisumbue na waimbaji wako, kijana.

Mkeo mkubwa, na wa kwanza,
Bibi Raheli

*

Addis Ababa,
7 Aprili 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimesikitika sana kusikia habari za Bibi Evodia. Nipelekee salamu, mwambie sijasahau karanga zake.

Kuhusu mke mwenza wako, Bibi, nimemwona! Kila Jumapili alasiri anaimba kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya mbao, watu wanakunywa kahawa. Bekele, tunayefanya naye kazi maabara, ndiye aliyenipeleka. Nilivaa lile shati la kuhitimu chuo pale Chimwaga. Nikakaa mbele. Akaingia bibi mmoja ana fimbo, mvi tupu, nikampisha apite nikidhani ni mama yake. Akapanda jukwaani.

Ndiye. Ana miaka sitini na tisa. Ile kaseti ni ya zamani, kabla mimi sijazaliwa.

Alipofungua mdomo nilishtuka. Sauti imepasuka, Bibi. Noti za juu anaziendea, anazikosa, anaziacha pale pale bila kuona haya, anapita chini. Nikasubiri watu wanong'one. Ukumbi ulitulia mpaka nikasikia vikombe. Baba mmoja mwenye tai alilia wazi wazi, hakujifuta. Na mimi nililia, nikampenda kuliko nilivyoipenda kaseti. Ile ya kaseti inapendeza. Hii ilinishika hapa, kifuani, mpaka leo haijaniachia.

Sijasema neno lolote kuhusu wewe, eti. Nakusimulia tu.

Mumeo asiyetulia,
Yotham

*

Mvumi,
21 Aprili 2024

Yotham,

Mbukwa. Tuna kesi, na wewe ndiye mshtakiwa.

Baba yako mdogo alisoma ile barua yangu ya kwanza wakati anaipiga picha. Akaona "mke mwenza", akaona "Uhabeshi". Unamjua Filipo, mwanamume huyu tangu utoto utani haumwingii. Zako hazisomi, steshenari wanampa zimefungwa kwenye bahasha. Alinyamaza mwezi mzima, akihesabu. Jumamosi nashangaa wazee wanne wa ukoo wanaingia uani na viti vyao, na yule mtamba mwekundu amefungwa kamba mpya. Filipo akasimama, akasafisha koo: "Mama, Wahabeshi wanapokea ng'ombe wangapi? Maana mtoto asije akaonekana hana kwao."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikamwambia, mkwe wako ana miaka sitini na tisa na anatembea kwa fimbo. Mzee mmoja akasema basi mahari itapungua. Filipo amenuna mpaka sasa, ila mtamba hajamfungua ile kamba.

Nikamsimulia Evodia. Yotham, alicheka! Wiki tatu sijaona meno yake. Akafuta machozi akasema, "Huyo mwanamke anaimbaje hasa?" Filipo akatufungulia kwenye simu ule wimbo uliomrekodi ukumbini ukatutumia. Evodia akafumba macho, akausikiliza wote. Halafu akanishika mkono. Akasema, "Raheli, tuliahidiana. Anayetangulia, mwenzake atamwimbia. Usije ukanichezeshea midomo kaburini kama unavyomfanyia Mungu."

Niliondoka bila kuaga. Sauti hii ikitoka mbele ya watu watanicheka, au watanihurumia, na huruma ndiyo mbaya zaidi. Walionikumbuka wanikumbuke nilivyokuwa. Lakini na ahadi ni ahadi. Sipati usingizi. Hili nakuambia wewe peke yako. Na Filipo.

Bibi yako

*

Addis Ababa,
29 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Nilicheka kwa ajili ya Baba mdogo, kisha nikasoma mwisho nikaacha kucheka. Mwambie Baba mdogo namheshimu sana. Ni nani mwingine angenifungia mtamba kwa mwanamke ambaye hajamwona?

Jana nilikwenda ukumbini mapema. Nikamwomba Bekele anitafsirie, nikamweleza Mulunesh habari zako zote: muheme, rovu, Evodia, ahadi. Nisamehe kwa kutoa siri. Alisikiliza huku anakoroga kahawa. Nilitegemea aniambie jambo kubwa. Akauliza kama unavuta tumbaku. Nikasema unanusa. Akacheka sana.

Halafu akasema hivi, Bekele aliyarudia mara mbili nisikosee: "Mwambie na mimi nilinyamaza, miaka mitatu. Kunyamaza hakukunirudishia sauti."

Basi, ni hayo tu. Akapanda jukwaani.

Nakupenda, Bibi, uimbe usiimbe.
Yotham

*

Addis Ababa,
27 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Mwezi sasa, kimya. Baba mdogo naye kila nikimpigia anasema "Mama ataandika mwenyewe," anakata. Kama nimekukosea kwa kusema mambo yako ugenini, nigombeze. Nimeuzoea ugomvi wako, ukimya wako siuwezi.

Mumeo mwenye hofu,
Yotham

*

Mvumi,
9 Juni 2024

Mume wangu,

Mbukwa, mbukwa sana. Hukunikosea. Nilikuwa na kazi.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Ya tatu nikasema, kwani lazima nimngoje afe? Akifa atasikia nini? Nikaishusha ng'oma darini, nikaianika juani ngozi ikaze, nikamwita Filipo anibebee. Nilipofika kwa Evodia nikafunga mlango wa uani, nikakaa kwenye kigoda, nikaibana kati ya magoti haya mabovu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Sauti sasa! Mwanangu, ilitoka kama mlango wenye kutu. Nikaona aibu mpaka masikioni, lakini nikaendelea, na pale juu nikapakosa, nikapita chini kama mwenzangu.

Evodia akaitikia. Amelala, sauti kidogo tu, lakini kila mahali pake alipapata.

Tulipomaliza nikamwambia, haya, umesikia uozo wangu, umeridhika? Akasema, "Afadhali hii. Ile yako ya zamani ilikuwa inanifunika. Miaka arobaini, Raheli, leo ndiyo mara ya kwanza najisikia."

Nililia, Yotham. Miaka arobaini nilidhani watu wanaacha mashamba kwa ajili yangu, na sikuwahi kumsikia mtu aliyekaa goti kwa goti nami. Tangu siku hiyo nilikwenda na ng'oma kila jioni. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Barua ingenipotezea muda, na muda alikuwa nao mdogo.

Jumanne tumemzika. Watu walikuwa wengi sana. Niliimba, mlango wangu wa kutu na yote, na hakuna aliyecheka. Kila nilipofika pa kuitikia nilinyamaza, nikapaacha pake wazi, kisha nikaendelea.

Mwambie mke mwenzangu nimempokea, na akija Mvumi nitamsongea ugali mwenyewe. Filipo anauliza mtamba amfungue au amwache. Nimemwambia amwache.

Mkeo mkubwa,
Bibi Raheli